Kwa Kapaya, Namba Tisa wa Tabora

Kapaya,
juzi Ofisa Michezo alipita hapa Mwanga na daftari jipya.
Anasema wanataka kuirudisha: Kigoma na Tabora,
mkoa kwa mkoa, kombaini kwa kombaini.
Akaniuliza kama ninazo picha za enzi zile.
Nikamwonyesha goti.

Unalikumbuka? Ni kazi ya njumu zako,
dakika ya themanini na nane, huko kwenu,
na mpaka leo nasema uliotea.
Mshika kibendera alikuwa shemeji yako, mtu wa Isevya,
kibendera amekibana kwapani
kama mwavuli wa kiangazi.
Usicheke. Najua unacheka.

Tulikuja kwa treni, daraja la tatu,
wachezaji kumi na saba, jezi kumi na nne,
na gunia la dagaa la kumlipa mwenye nyumba ya wageni.
Kaliua tukalala njiani, kichwa cha treni kimegoma.
Alfajiri kocha akatukimbiza kando ya reli
na watu wakatoka majumbani kutukagua:
huyu wa Kasulu, huyu wa Kibondo,
yule mrefu kama mlingoti ni wa Ujiji.
Mtu alichaguliwa kutoka kwao
na kwao akakuvaa mgongoni.

Sasa mgongoni kuna kampuni.
Mjukuu wangu anawajua mabeki wa Ulaya mpaka majina ya wake zao;
muulize nani anadaka Buhigwe,
atakutazama kama umemwomba nauli.
Simlaumu.
Mguu nao una tumbo.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni hiki.
Kuna kijana, Hilali Ntirampeba, winga, mguu wa kushoto.
Klabu yake ya Dar inamlipa fedha ambazo mimi na wewe
hatukuziota hata tulipokuwa na homa.
Amekubali kuja siku mbili, bila posho, avae mkoa.
Mkoa upi, ndipo penye kesi.

Mama yake alishikwa na uchungu behewani,
usiku, treni inalikaribia daraja la Malagarasi.
Kichwa cha mtoto kilitoka wakiwa bado Kigoma.
Miguu ilitoka wameshavuka.

Vikao vitatu, Kapaya!
Watu wenu wanasema: mpira unachezwa kwa miguu, kijana ni wetu.
Wetu wanajibu: na mabao ya kichwa, je?
Mmoja akataka aletwe mkunga. Mkunga alishafariki.
Mwingine akataka ratiba ya treni ya mwaka ule,
ukumbi mzima ukaangua kicheko:
lini treni ile ilifuata ratiba?

Mwishowe wakamwita mama mwenyewe.
Akakaa, akafunga kanga vizuri, akasema:
«Mimi nilikata tiketi ya kwenda na kurudi.»
Akanyanyuka, akaenda zake sokoni.
Hakuna aliyeandika neno.

Huenda isirudi. Nimeona daftari la ofisa,
kurasa mbili zina maandishi, zilizobaki ni nyeupe kama unga,
na nyasi za uwanja wetu mbuzi wanazijua kuliko mipira.
Lakini jana jioni, Katubuka, nikipita na mkongojo,
nikawakuta watoto wanagawana timu:
«Sisi Kigoma, nyie Tabora.»
Hakuna aliyetaka kuwa Tabora.
Nilisimama pale muda mrefu, nimefurahi kijinga.

Ikirudi, niwekee nafasi upande wa kivuli.
Nitabeba lile dumu la mawese tulilowekeana dau,
deni ambalo sikubali kuwa ni deni.
Na kabla ya filimbi, sisi wawili,
polepole, kwa hili goti na hicho kisukari chako,
tutembee mpaka kwenye lango lile
unionyeshe uliposimama.
Pale hasa, Kapaya.
Nakuja na futi kamba.