Unga wa Kachumbari

Siku ya kwanza ya kununiana
nilimenya vitunguu saumu vichwa kumi na viwili,
nikavikata vyembamba kama kucha za mtoto,
nikavianika kwenye ungo, juu ya bati,
nikavifunika chandarua kilichotoboka
ili inzi wa Makorora wakose la kusema.

Siki haina siri.
Ilimvujia mara mbili njiani kwenda Pongwe:
mara ya kwanza ikalowesha leso,
mara ya pili ikalowesha daftari la zamu,
majina ya watu wa tanuri yakatiririka,
msimamizi akauliza mbele za watu,
"Shemhilu, kitabu hiki umekitia achari?"
Akarudi nyumbani kanuna.
Lakini haikuwa siki. Sote wawili tulijua.
Zilikuwa zile laki mbili alizompa kaka yake
bila kuniuliza,
laki mbili za bati la jiko.

Siku ya pili nikaenda Mgandini.
Hoza ana pilipili manga ya Amani,
nyeusi, ngumu, yenye makunyanzi.
"Hii," akasema, "inapiga chafya yenyewe."
Nikapimiwa robo. Nikachukua giligilani kavu,
bizari nyembamba, haradali ya kufunga kwenye ncha ya khanga.
Maganda ya ndimu sikununua.
Ninayo, nayakusanya tangu mwezi wa futari,
makavu, ukiyatikisa yanasema.

Mtu asidhani kukausha kitu Tanga ni mchezo.
Hapa hewa yenyewe ina mate.
Chumvi ukiiacha wazi inaanza kulia,
kiberiti kinagoma, biskuti inanywea.
Mara nne nilikimbilia paani kwa manyunyu,
nikashuka ngazi na ungo kifuani,
na yeye mlangoni, kajifunga kikoi, ananitazama,
mdomo umefunguka nusu
kama mtu anayetaka kusema "lete nikupokee".
Akaufunga.

Siku ya tatu nikatwanga.
Mama Mwanamkuu wa ukuta wa pili
akasikia mchi, akaja na kalamu.
Andika, nikamwambia: kifuniko cha soda.
Vitunguu saumu viwili, pilipili kimoja,
haradali nusu, ndimu ile iliyosagika mpaka ikawa vumbi,
giligilani mpaka kinu kinukie nyumba yenye wageni,
sukari kidogo, ya kusuluhisha.
"Na chumvi?"
Hapo nikasita.
Chumvi naipima kwa kiganja,
na kiganja changu kilikuwa bado kina laki mbili ndani yake.
"Chumvi kiasi."
"Kiasi ndiyo ngapi?"
"Kiasi ndiyo kiasi, mwenzangu."
Akaandika hivyo hivyo.

Nikachekecha kwa chujio la chai.
Nikatia kwenye chupa iliyokuwa ya kahawa,
chini nimetanguliza punje za mchele uliokaangwa
ziunywe unyevu kabla haujaunywa unga.
Kwenye mfuko wake wa zamu ya usiku
nikaweka nyanya nzima, tango, kitunguu, kisu,
na ndimu moja ambayo haijakatwa.
Akamue mwenyewe. Hakuna kitakachovuja.
Sikumwaga neno wala yeye hakuokota.

Alfajiri mfuko ukarudi mwepesi.
Chupa imebaki robo,
na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji,
mwandiko wa penseli:
*Watu wa tanuri wamekula wote.
Chumvi imezidi.*

Imezidi!
Siku tatu za ububu, na neno la kwanza ndilo hilo.
Nikalamba kidole.
Nikalamba tena.
Kweli imezidi.

Alikuwa kajilaza, vumbi la kiwanda kwenye nyusi.
Nikaongeza giligilani vifuniko viwili,
nikafunga chupa, nikatikisa,
nikatikisa kuliko inavyohitajika,
karibu kidogo na sikio lake,
mpaka akafungua jicho moja.

"Bati," akasema, "mwisho wa mwezi."
"Sijakuuliza bati. Nakuuliza chumvi.
Imezidi ngapi?"

Akageukia ukutani.
Mgongo wake ukatikisika, nikajua anacheka.

"Kiasi," akasema.