Bahari ya Duara

Bahari yetu ilizaliwa Kajaani, Novemba moja,
jikoni kwa Veikko, kabla simu hazijaingia mifukoni:
kikombe cha kahawa kilitua juu ya ramani mpya
na kilipoinuliwa, ulimwengu ulikuwa na pwani.
Oili alitaka kupangusa. Veikko akamshika mkono.
"Acha," akasema. "Hapo pana kina."

Nje theluji ilikuwa inazizika baiskeli za watu.
Jua lilikuwa limeshaondoka tangu saa tisa alasiri,
kama karani wa serikali.
Tulikuwa wanne, na dadu moja ya pande ishirini
iliyomeguka pembe. Ndiyo maana huko kwetu
Bahati huchorwa akichechemea.

Mimi, nisiyekanyaga kanisa tangu kipaimara,
mpanga barua wa posta mwenye goti bovu,
huko ni kasisi. Nazijua kafara zote saba.
Najua ni mwezi gani mtu haruhusiwi kupiga mluzi.
Na kila mwaka ukigeuka, nasimama naisoma Asili:

    Hapakuwapo na mtu
    Wala jiwe wala kitu
    Wala jina la mwenzetu
    Ila weupe walala

    Likashuka giza moto
    Lina harufu na joto
    Likapinda kama mto
    Na pwani zikatawala

Wanazuoni wa Tarsheme wameligombania duara hilo miaka elfu.
Wa mashariki husema ni kinywa: dunia ilitamkwa.
Wa milimani husema ni pete, kwamba tumeposwa,
na mwenye kuposa amechelewa.
Alikuwapo mtawa, Ibbrun Mkavu, aliyeandika
kwamba hiyo ni alama ya kitako cha chombo tu,
kwamba yuko aliyekuwa anakunywa, akaghafilika.
Tulimchoma moto.
Mimi ndiye niliyesoma hukumu,
kikombe mkononi.

Historia yetu ina tundu. Kati ya Mfalme Odvek na mjukuu wake
miaka mia mbili haipo: Veikko alioa, akahama, akaachika,
na tuliporudi mezani kila mtu alikuja na kalenda yake.
Huko wanaiita Miaka ya Usingizi. Ina saumu yake.
Wajane huwawashia taa waume ambao hawakupata kuzaliwa.
Hatukupanga hilo. Liliota lenyewe, kama kuvu ukutani.

Hemri alikuwa wa Oili. Mungu mdogo wa bawaba,
aliyebuniwa usiku mmoja kwa sababu mlango wa choo ulilia.
Hana hekalu. Waumini wake hupaka mafuta, hunyamaza, huenda zao.
Oili peke yake ndiye aliyeijua sauti yake:
alikuwa akiinama kidogo kabla ya kusema,
kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

Oili alifariki Februari, siku ya Jumanne, siku yetu ya mchezo.
Jumanne iliyofuata tulikaa.
Lauha akauliza, "Mungu akikosa msemaji, anakufa?"
Veikko akafungua daftari la kumi na tisa, kisha la tatu,
kisha lile la kwanza kabisa, lenye doa.
Hapakuwa na kanuni.
Akanisukumia dadu. Sikutaka. Nikairusha.
Ikabiringika, ikagonga bakuli la sukari, ikaegemea kisahani,
isionyeshe namba yoyote.
Sheria husema dadu iliyoegemea hurushwa tena.
Hakuna aliyeigusa.

Basi usiku huo, Tarsheme nzima, milango ilibaki nusu wazi,
haifungi, haifunguki. Watu walilala na upepo.
Nilitoka na kopo langu la mafuta, nyumba kwa nyumba,
ghala, jela, banda la mbuzi,
hata chumba cha Ibbrun, ambacho tumekitia muhuri karne nne.
Pote bawaba zilikuwa kimya.

Ule wa mwisho, kule ufukweni, ulilia nilipousukuma.
Sauti ndogo, imeinama kidogo.
Nikafunika kopo.
Nikauacha ulie.