Mbavu Saba

Darini, Ibra, jua halijakasirika,
nahesabu mbavu za dungusi: tano, sita,
ya saba imejibanza nyuma ya tangi la maji.
Muuzaji wa Sibu aliniapia: "Ya Peru hii, wallahi."
Nikamtumia picha Thuwaiba, yuko Buraimi.
"Peru gani, shoga? Ya Peru miiba mirefu, rangi ya asali.
Hiyo yako meno ya mtoto. Andika Ekwado."

Nikafuta kibao. Nikaandika Ekwado,
na alama ya kuuliza.

Ninazo kumi na moja, kwenye madebe ya samli,
zimenyooka kama watu kwenye foleni ya pasi.
Mwaka wa sabini na nne, uwanja wa ndege,
karani aliandika nimezaliwa Nizwa.
Nilizaliwa Wete.
Sikumsahihisha; mtoto alikuwa analia.

Jana usiku wa manane ile ya tangini ikapasua ua,
jeupe, pana kama mkate wa kumimina.
Nilipanda na miwani, na rula, na daftari.

Asubuhi limesinyaa, tambara la jikoni.
Thuwaiba kwenye simu: "Petali za nje je?
Kijani, au hudhurungi?"

Sijui, namwambia.
Lilikuwa linanukia.