Jibu kwa Gilvan, Anayetaka Kujiandikisha

Unaniuliza, Gilvan, kama chuo kina maana,
kama miezi minane ya jioni, pale juu ya duka la viatu,
itakufanya mtu wa kuwauzia madaktari dawa.
Subiri nizime gari. Kiyoyozi kimekufa tangu Jumanne
na hapa Uberlândia jua halipigi hodi.

Nililipa. Andika hilo kwanza.
Reali mia tatu na tisini kwa mwezi, mara nane,
na nyingine za cheti,
na nyingine za plastiki ya kufunika cheti.
Nilikuwa keshia wa famasi, nikisoma majina ya vidonge
kama abiria asomavyo mabango basi likiwa mbioni.
Mama aliuza cherehani. Hakusema kitu.
Alifagia pale ilipokuwa cherehani,
akapafagia tena.

Mwalimu Reginaldo, viatu vyake viling'aa kuliko maneno yake.
Alitufundisha kutembea. Ndiyo, kutembea:
mkoba mkono wa kushoto, wa kulia uwe huru kusalimu.
Alitufundisha dakika mbili,
ya kwanza ya dawa, ya pili ya ushahidi,
na tabasamu lisizidi meno sita.
Tuliliuzia sanamu la plastiki vidonge vya presha.
Likanunua. Lilinunua kila kitu, lile sanamu.

Nikatoka na cheti changu, nikakutana na Dona Ivonete.

Humjui. Hayumo kitabuni.
Ana meza, ana simu, ana feni ndogo inayomtazama yeye tu,
na mlango wa Daktari Feitosa uko nyuma ya mgongo wake.
Siku ya kwanza: leo haiwezekani.
Ya pili: leo haiwezekani.
Ya tisa nikamkuta na kisigino cha kiatu kimeng'oka,
nikatoa gundi mkobani, tukakibana pamoja,
mimi nikihesabu hadi sitini, yeye amekunja uso,
na mlango ukafunguka.
Hakuna somo la gundi, Gilvan. Nimelitafuta.

Unadhani nimekwisha kukujibu.
Ngoja.

Agosti, vumbi jekundu hadi kwenye kope,
Feitosa ananiuliza amesimama, kalamu hewani,
kuhusu bibi wa miaka themanini na mmoja, figo zimechoka:
"Dozi ileile, sivyo?"
Nami nimebakiza maboksi kumi na manne kutimiza lengo,
na bosi ananipigia simu hata saa nne usiku.
Ndiyo ilikwisha kufika kwenye ncha ya ulimi.
Hapo nikamwona Mwalimu Zulmira,
yule wa Alhamisi, asiyejua kushika mkoba,
ambaye nusu ya darasa walimkimbia wakanywe kahawa,
akigonga ubao kwa kifuniko cha kalamu:
figo, nusu. Figo, nusu.
Na msipojua, semeni hamjui.

Nikasema, "Hapana, daktari. Nusu.
Na hata hiyo nusu, isome karatasi ya ndani kwanza."
Kalamu ikashuka.
Lengo sikulitimiza.
Bibi yule simjui jina wala mtaa.

Kwa hiyo hesabu inanigomea.
Tulianza ishirini na wawili. Edmar anauza matairi,
Creusa amerudi saluni,
watano tunakutana kwenye korido za kliniki
tukichekana kimyakimya: mikoba yote kushoto.
Wenye digrii wanatupita kwa mshahara, hawapigi hata honi.
Na mwaka jana kampuni imenunua programu
inayowaandikia madaktari yenyewe,
haichoki, haivai viatu.

Ukienda, usiulize ada kwanza.
Uliza Alhamisi anafundisha nani.
Kama ni Reginaldo wiki nzima,
nunua viatu, okoa pesa.

Cherehani niliirudisha mwaka wa tatu. Si ile;
ile ilikwisha kuuzwa tena huko Araguari.
Mama anasema hii inaruka mshono.
Cheti ndicho hicho, hapo juu ya kioo,
jua limekula jina langu, limeacha muhuri.

Haya, shuka. Ivonete anafunga saa sita kamili.
Nibebee huo mkoba.
Siyo huo mkono.
Wa kushoto.