Mpangaji wa Desemba

Ule wa plastiki tuliununua Nyamakima
mwaka aliozaliwa Mghoi.
Krismasi kumi na moja. Mguu mmoja umefungwa waya,
na ukiguswa tu unapukutisha
sindano za kijani zisizojua kuoza;
nazifagia, nazikuta tena Pasaka
chini ya kochi, mbichi kama uongo.

Mwadime alitaka mwingine. Futi saba,
na theluji ya kupuliziwa. Theluji,
hapa Umoja, ghorofa ya nne,
ambapo maji ya mfereji huja Jumanne
na Ijumaa, yakikumbuka.

Mghoi akauliza: huu tutautupa wapi?
Huko, baba akasema.
Huko ni wapi?
Tukanyamaza. Tunakujua huko.
Upepo ukigeuka kutoka Dandora
tunafunga madirisha.

Basi tukaukaza waya, ukahamia
darasa la watoto kanisani. Una miaka yake bado.

Wenye mikokoteni walipita na vilele vya miberoshi,
bei ya kuku nusu. Sikununua.
Nimekulia Wundanyi, najua ni masika mangapi
yamejikunja ndani ya shina
lililo nene kama kifundo cha mkono.

Ndipo kando ya Barabara ya Ngong
nikamkuta Ondieki na vitalu vyake,
na mtarakwa mchanga ndani ya ndoo ya rangi.
Unauza?
Nakodisha. Amana elfu moja,
uurudishe kabla ya tarehe kumi, ukiwa hai.

Nilicheka mpaka akashangaa.
Mimi, niliyelipa kodi tangu nitoke kwetu,
niliyehamishwa mara tano na vyombo vyangu kwenye magunia,
leo nina mpangaji!

Tukampa kona ya dirishani.
Akanywa maji ya kuoshea mchele.
Tukamvika vipande vya kitenge,
vifuniko vya soda, shanga za mkufu wangu uliokatika.
Mlinzi wa jengo akapanda kuuliza
kama yumo kwenye mkataba.

Usiku wa tatu, tukila,
tawi moja likatembea.
Kinyonga! Amefika kwenye kitenge
na hajui aanze na rangi ipi.
Mwadime, mwanamume wa kilo tisini,
alikuwa juu ya kochi kabla sijaweka kijiko.
Mghoi akamwambia kwa upole:
baba, wa plastiki hauleti wageni.

Harufu yake sikuitarajia.
Asubuhi, kabla ya chai, kabla ya moshi wa barabarani,
nyumba ilinuka kama penseli mpya,
kama siku ya kwanza ya darasa la kwanza.

Tarehe tisa nikaurudisha.
Ondieki akaupima kwa kiganja, akahesabu matawi,
akatia kidole kwenye udongo kama daktari.
Umekua, akasema. Desemba mbili hivi
hautapita mlangoni kwenu,
nami nitaushusha ardhini, kando ya mto,
hautakodishwa tena na mtu.
Akanihesabia amana yangu, noti kwa noti,
kisha akainua macho:
Na kinyonga wangu?

Kinyonga amebaki kwetu,
kwenye gunia la sukuma wiki barazani,
halipi kitu.

Na pale dirishani, sakafuni,
pamebaki duara la ndoo.
Nimelisugua mara moja, si kwa nguvu sana.
Mwadime akipita hulizunguka,
kama mtu anayempisha mwenye nyumba.