Kubebesha

Meneja alipotamka "wingu" kikaoni
Bi Nankumbi wa maghala akashtuka:
mwezi wa saba huu, mikorosho imechanua,
nani anataka wingu Mtwara?
Si ubwiriubwiri unakuja nalo?
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Nikamweleza: hili halitoki nje.
Litakaa humu humu Shangani, nyuma ya mizani,
kwenye chumba cha kiyoyozi kinachokohoa.
Seva ni zilezile kumi na moja, nyaya zilezile.
"Sasa kipya ni nini?"

Nikakosa neno la kikubwa.
Nikasema: umeona wanavyobebesha kule Naliendele?
Mkorosho mkongwe haung'olewi.
Unakatwa kiunoni, unaachwa uchipue,
chipukizi linabebeshwa kikonyo, linafungwa nailoni,
mizizi haijui kama juu pamebadilika.
"Na kikonyo kikikataa?"

Usiku wa kwanza niliziita kwa majina.
Aliyezipa ni Lipala, fundi aliyenitangulia,
hakuacha hata ukurasa wa maelezo,
aliacha vipande vya plasta vyenye kalamu ya wino:
Kitaya. Mahuta. Nanyamba. Dihimba.
Jukwaa jipya halijui Mahuta ni wapi.
Linauliza tu: una kumbukumbu kiasi gani,
diski ngapi, unaweza kubeba wenzako?
Dihimba ilijibu upesi.
Kitaya ilikuwa na kutu ya chumvi kila skrubu,
nikaisugua kwa mswaki na spiriti, ikakubali.
Nanyamba ikakataa: prosesa yake haiwezi
kubeba mashine ndani ya mashine.
Sikuitupa.
Nimeipa kazi ya kuwatunzia wenzake saa.

Usiku wa pili, umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda.
Jenereta ikanguruma, nikaanza msako:
programu inapita mtandao mzima
ikigonga kila mlango, hodi, nani humo?
Nilingoja majibu kumi na moja.
Yakaja kumi na mawili.

Nikaifuata kebo kwa mkono,
juu ya dari, chini ya mlango, hadi stoo ya pembejeo.
Nyuma ya mifuko ya salfa
kulikuwa na kompyuta yenye rangi ya jino bovu,
feni yake imejaa vumbi la njano, inazunguka.
Kila saa tisa usiku inaamka,
inaandaa stakabadhi moja,
inaituma kwa printa iliyouzwa mnadani miaka sita nyuma.
Inangoja. Haijibiwi.
Kesho yake inarudia.

*Somoe Likwata, Kitangari.
Daraja la kwanza, kilo mia mbili kumi na nne.
Malipo: yanasubiri.*

Nikapiga hesabu: zaidi ya mara elfu mbili.

Jukwaa likaniuliza, kwa adabu yake ya kijani:
mashine isiyotambulika. Chukua? Puuza?
Kidole kilikaa pale muda kuliko ilivyohitajika.

Dakika arobaini diski ilisaga.
Kisha nikaizima ile ya stoo, feni ikasimama,
na vumbi, nadhani, likapata usingizi.
Yaliyokuwamo sasa yanaishi tumboni mwa Dihimba.

Asubuhi meneja akaona kumi na mbili, zote kijani.
Akanipa mkono, akasema wingu letu limesimama.
Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha mfuko wa salfa
nilichoandikia lile jina.
Bi Nankumbi akasoma. Akavua miwani.
"Huyu namjua. Alikuja hapa mara tatu.
Mimi mwenyewe nilimwambia hayumo kwenye mfumo."
Akaenda uhasibu, kandambili zikipiga sakafu,
wala hakuuliza tena kuhusu kikonyo.

Usiku wa tatu nilikuwa bado pale, kitini.
Saa tisa, kutoka ndani ya Dihimba,
stakabadhi ikatumwa kama kawaida.
Safari hii printa ikajibu:
karatasi imekwisha.

Nikainuka kutafuta karatasi.