Kibao cha Mninga

Fundi Asangalwisye ametuegemezea vibao ukutani:
mninga, paini, mlingoti uliopinda kidogo.
"Mvua ya Tukuyu haina adabu," anasema.
"Vanishi mkono mmoja ni sawa na kukipaka mate.
Mikono mitatu. Na mgongoni pia,
ndiko unyevu unakoingilia."

Tukachagua mninga. Hapo hatukubishana.

Neno ndilo lililotuweka kwenye benchi hadi saa nane.
Mimi: KWA MWAKALOBO, herufi za kuchimba.
Tupokigwe akavua ndala, akakung'uta maranda:
"Bati za upande wa Kiwira ni za viazi vyangu.
Uzichimbie herufi nazo."
Fundi akajifanya anatafuta patasi.
MBWA MKALI? Hatuna mbwa.
KARIBUNI? Na wale wa marejesho nao wasome?

Tumekitundika hivyohivyo, kitupu,
kinang'aa kama paji la mtoto
aliyepakwa mafuta ya kwenda kanisani.

Juzi, nikiwa nyuma ya ua, nilimsikia
kijana wa bodaboda akimwelekeza mgeni:
"Vuka migomba. Ukiona kibao kisichosema kitu,
ndipo hapo. Piga hodi kwa nguvu,
mara nyingi wanabishana."